Sungura Mtamu

Bibi yangu alizikwa Tanga siku ya Alhamisi, Desemba 2012, saa kumi alasiri. Sikuwapo, lakini saa naikumbuka, maana Japani wametutangulia kwa saa sita. Kwangu ilikuwa saa nne ya usiku, na saa nne ndipo mkanda wa kiwanda chetu ulipoanza kutembea.

Kiwanda kilikuwa Saitama, kaskazini ya Tokyo, na kazi yake ni kupanga bento, vile vyakula vya kasha vinavyouzwa madukani. Mwanafunzi wa kigeni kule anaruhusiwa kufanya kibarua saa 28 kwa wiki, basi mimi zangu nilizigawa kwa usiku nne, saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na saa moja ya mapumziko katikati. Niliomba niwekwe upande wa wali, niwe mbali na kitimoto. Msimamizi hakuuliza mengi, akanipa ume. Kwa asiyeijua, ume ni tunda dogo linalotiwa chumvi na majani mekundu na kuanikwa mpaka liwe jekundu, limekunjamana, kali kuliko embe bichi la chumvi na pilipili. Kila kasha la wali mweupe likipita mbele yangu, nabandika moja katikati. Likishakaa, kasha linafanana na bendera ya nchi yao. Saa saba za kubandika bendera, kwenye chumba chenye baridi ya bucha.

Mama alipiga simu nikiwa najiandaa kutoka. "Mwanangu, bibi ndiyo basi tena. Tunamzika alasiri hii hii. Wewe tulia hukohuko, usome." Nikamwambia sawa, mama. Nauli ya ndege sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo ningefikia kwenye hitima. Nilikwenda kazini kwa sababu chumba changu kilikuwa kimya mno, na jirani wa ukuta wa pili hapendi makelele.

Kiwandani humjui mtu kwa sura. Kofia, barakoa, nguo nyeupe tangu utosini mpaka miguuni. Yanabaki macho tu. Aliyesimama kabla yangu kwenye mkanda alikuwa mama mtu mzima, kazi yake kunyunyiza ufuta mweusi juu ya wali. Jina lake si la kuandikwa hapa, basi nitamwita Mama Ufuta. Kwa miezi minane tulikuwa tumesalimiana na kuagana, basi.

Nilijikaza kama dakika kumi. Halafu nikaikumbuka ile kanga ya bibi aliyokuwa akifunga noti kwenye pindo, nikajiuliza nani ameichukua, na macho yakajaa. Sasa, chozi likidondoka kwenye wali, mkanda unasimamishwa, kengele inalia, makasha yanatupwa, na jina lako linaandikwa. Nikafanya lililonijia. Niliinua uso, nikaikodolea macho taa ya darini, nikasubiri machozi yarudi yalikotoka. Makasha yakapita. Sijui mangapi. Nilipoinamisha kichwa nikidhani nimeshaharibu, nikaona kila kasha lililokwenda mbele lina ume yake katikati. Mama Ufuta alikuwa ananyunyiza kwa mkono wa kushoto na kubandika kwa mkono wa kulia, wala hakuniangalia.

Asubuhi nikaikuta baiskeli yangu imepigwa na sakitu, kiti cheupe kama kimemwagiwa unga. "Iache," Mama Ufuta akasema nyuma yangu. Alikuwa na kigari kidogo, yale yenye namba za manjano. Alisimama kwanza kwenye mashine ya vinywaji, akanunua kahawa mbili za kopo, za moto, akanipa zote mbili. Moja ya kunywa, moja ya kushika.

"Nani?" akauliza.

"Bibi."

Akatikisa kichwa. Kijapani kina maneno rasmi ya kumpa pole mfiwa, tulifundishwa darasani, na unapaswa kuyasema kwa kuinama. Hakuyasema. Alitia sidii kwenye redio ya gari.

Sauti ya kijana ikaanza kuimba, nyepesi, karibu ya furaha. Sauti ya Sakamoto Kyu, mwimbaji wao wa zamani. Ule wimbo niliwahi kuusikia zamani bila kujua ni wa Japani. Ndani yake kuna mtu anatembea peke yake usiku huku ameangalia juu, machozi yasije yakamdondoka.

"Wewe jana umeuimba kwa shingo," akasema.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo sikulijua kwamba linawezekana bila aibu. Katikati ya wimbo huo kuna mahali maneno yanakwisha, anabaki anapiga mluzi. Nikaufuatisha. Mama Ufuta akaniwekea mkono begani haraka: nje bado giza, ukipiga mluzi usiku unaita nyoka. Nikamtazama. Bibi alikuwa akituchapa makofi kwa kosa hilohilo! Tofauti ni kwamba kwetu walioitwa ni mashetani.

Akanihadithia kwamba wimbo ule ulitoka 1961, na ulipovuka bahari Waingereza waliupa jina la sukiyaki, ambayo ni nyama ya ng'ombe ya kupikwa kwa sosi ya soya na sukari. Kwa jina hilo ukashika namba moja Marekani mwaka 1963. Mtu analia, wao wanaita mchuzi.

Hapo nikaona bora na mimi nikiri. Darasani walitufundisha wimbo wa watoto wa shule, "Furusato", wa mwaka 1914, ambao Wajapani wakiuimba macho yanawalegea. Unaanza na maneno "usagi oishi". Usagi ni sungura. Na oishii, neno nililojifunza siku ya kwanza mgahawani, ni kitamu. Kwa mwaka mmoja na nusu niliamini kwamba taifa zima la watu wazima linatokwa na machozi kwa kumkumbuka sungura mtamu.

Aligonga usukani kwa kucheka. "Si mtamu! Tulimkimbiza! Kule mlimani, tulimkimbiza!" Ni Kijapani cha zamani, akasema, hata watoto wao wanakosea. Nikamwambia kwetu sungura hakimbizwi, yeye ndiye anayewakimbiza fisi na simba kwenye hadithi, na aliyenisimulia zote ni yule aliyezikwa jana.

Basi akaniimbia polepole ili nisikie maana. Ubeti wa kwanza, mlima wa sungura na mto wa samaki wadogo. Wa pili, baba na mama wana hali gani, rafiki zangu hawajambo? Akanyamaza. Nilijua kuna wa tatu, ule wa siku moja nikishatimiza niliyoyafuata nitarudi nyumbani, nikauanza mimi.

"Huo siku hizi siuimbi," akasema.

Kwao ni Futaba, Fukushima. Kile kinu cha nyuklia, sehemu yake iko kwao. Machi 2011 kinu kilipopata ajali walihamishwa mji mzima, na ofisi ya mji ikafuata watu mpaka huku Saitama, ikafunguliwa kwenye sekondari iliyokuwa imefungwa. Yeye alianza kwa kulala darasani. Siku zile akitaka kwenda kwake alikuwa akiomba ruhusa, akipewa saa chache, na akivishwa nguo nyeupe tangu utosini mpaka miguuni. Akashika mkono wa jaketi yake kama vile bado ameivaa ile ya kiwandani. "Mara ya kwanza kuvaa pale kazini, nilidhani wananipeleka nyumbani."

Sikuwa na la kusema. Nilimpa kopo la pili, bado lilikuwa na vuguvugu.

Watu waliruhusiwa kurudi kuishi kwenye sehemu ndogo ya Futaba mwaka 2022. Mimi nilikuwa nimesharudi Tanga zamani, na namba ya simu ya Mama Ufuta haipatikani.

Asubuhi ile tulikaa mpaka kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe na paa za nyumba zikaonekana. Akachungulia nje, huku na huku, kama mtu anayehakikisha nyoka wameshalala. Kisha akarudisha ule wimbo wa Sakamoto mwanzo, akasubiri pafike pale maneno yanapokwisha, akapiga mluzi.