Siku moja maishani mwangu: nawaandaa wanaokwenda kufundisha vyuo vya Marekani

Saa kumi na moja alfajiri

Naianza siku kwa video. Jana jioni kila mmoja wa vijana ninaowaandaa alifundisha dakika tano mbele ya simu, na sasa, kabla watoto hawajaamka, natazama. Mara ya kwanza nazima sauti. Bila sauti unaona haraka nani anazungumza na watu na nani anazungumza na ubao. Kijana wa kemia kutoka Bujumbura anaonekana mgongo karibu muda wote. Mwandiko wake unapendeza, milinganyo imenyooka, ila darasa zima liko nyuma yake na hana habari nalo. Mara ya pili naifunika simu na kusikiliza tu. Hapo ndipo naandika maneno yatakayokuwa kazi ya asubuhi.

Niwaeleze kazi yenyewe. Ukipata nafasi ya uzamili au uzamivu Marekani, mara nyingi ada na posho yako zinatokana na kufundisha. Profesa anatoa mhadhara kwa ukumbi wa mamia, kisha wanafunzi wanagawanywa kwenye vikundi vya mazoezi na maabara, na anayesimama mbele ya kikundi ni wewe, mwalimu msaidizi. Mkataba kamili kwa kawaida ni saa 20 kwa wiki, na huo ndio ukomo wa kazi za chuoni kwa mwenye viza ya mwanafunzi wakati muhula unaendelea. Majimbo kadhaa yana sheria zinazovitaka vyuo vihakikishe anayefundisha anakimudu Kiingereza cha kuzungumza. Pennsylvania ilitunga ya kwake mwaka 1990. Kwa hiyo kabla hujakabidhiwa darasa unapimwa. Chuo kikuu cha Purdue wana mtihani wao unaofanywa kwa kompyuta, unaitwa OEPT. Iowa State, pamoja na mahojiano, wanakutaka ufundishe somo fupi mbele ya watathmini, nao wanakuuliza maswali kama wanafunzi. Usipofikia kiwango unapelekwa kozi ya lugha kwanza, na idara inaweza kukuweka kwenye kusahihisha madaftari badala ya darasa. Kwa mtu aliyeitegemea posho hiyo kwa kodi ya nyumba, jambo hili si dogo.

Mimi niliwahi kuwa mwalimu msaidizi huko, nikarudi nyumbani. Ninachofanya sasa ni kuwaandaa vijana wa huku wangali huku, miezi miwili kabla ya ndege.

Saa mbili asubuhi

Chumba tunachokodi kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Upepo wa kiangazi unapuliza kutoka Ziwa Tanganyika na karatasi zinataka kuruka, kwa hiyo tunafunga madirisha ya upande mmoja. Msimu huu nina binti wa Ujiji anayekwenda kusoma hisabati, kijana wangu wa kemia, kaka mmoja wa Uvira, Kongo, anayekwenda kusoma uchumi, na dada wa Kasulu wa bayolojia.

Tunaanza na mkazo wa maneno. Sisi tuliokua na Kiswahili tumezoea mkazo ukae silabi ya pili kutoka mwisho, tukiingia kwenye Kiingereza tunauhamishia hukohuko. Mwenye Kifaransa anausukuma mwisho kabisa. Binti wa Ujiji anasema "variable" akiukandamiza katikati. Mwenzake wa Bujumbura anasema "hydrogen" akiubebesha "gen" mzigo wote. Mmarekani wa mwaka wa kwanza anayelitambua neno kwa silabi yake nzito anapotea, na akiwa bado analitafuta, mwalimu amekwisha fika sentensi ya tatu. Kwa hiyo kila mmoja ana daftari la maneno hamsini ya fani yake, silabi nzito imepigiwa mstari, na tunayasema kwa kugonga meza. Vijana wa dukani chini wameshazoea.

Leo nilikaa zaidi na kijana wa kemia. Ulimi uliolelewa na Kirundi una shida ya kuzitenga "l" na "r", na kwenye video alikuwa akitoa maelekezo ya maabara. Alikusudia "collect the data". Nilichosikia mimi, tena mara mbili, ni "correct the data". Katika maabara hizo ni amri mbili tofauti kabisa: moja inakuambia ukusanye vipimo, nyingine inakuambia uvirekebishe, na mwanafunzi anayerekebisha vipimo anaweza kushtakiwa kwa udanganyifu. Tulikaa mbele ya kioo kidogo. Kwenye "l" ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kubaki hapo. Kwenye "r" yao haigusi kitu. Akarudia mpaka nikaona ulimi unafika penyewe. Kisha nikamwambia jambo ambalo naliamini kuliko zoezi lenyewe: usitegemee ulimi peke yake, andika neno ubaoni kabla ya kulitamka, na ongeza kitendo, "collect the data, write every reading in the table". Akiteleza kwenye herufi moja, sentensi nzima inamshika mkono.

Kuhusu lafudhi nina msimamo na siufichi. Sina mpango wa kumfanya mtu wa Ujiji asikike kama mtu wa Chicago. Watafiti wa lugha Murray Munro na Tracey Derwing walionyesha mwaka 1995 kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na bado akaeleweka neno kwa neno. Kazi yetu ni kueleweka. Anayeniomba nimwondolee lafudhi namrudisha kwenye daftari lake la maneno hamsini.

Saa nne

Chai ya rangi, chapati na maharage kwa mama wa chini. Ni marufuku kuongea Kiingereza mezani. Vichwa vinahitaji kupumua.

Saa tano

Sasa darasa la majaribio. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanakuja kukaa kwenye viti, na nimewapa maelekezo: mmoja anaingia akiwa amechelewa na kikombe mkononi, mwingine anauliza swali bila kunyoosha mkono, mwingine anasema waziwazi kwamba hajaelewa. Mwanzoni wanaona haya kumkatiza mwalimu. Huku tumefundishwa kwamba mwalimu akiuliza "tumeelewana?" jibu ni "ndiyo mwalimu", hata kama hakuna aliyeelewa. Huko ukiuliza hivyo unapata ukimya, nao hautakuambia kitu chochote.

Binti wa Ujiji alifundisha maana ya "derivative", yaani kasi ya kubadilika kwa kitu. Hesabu anazijua sana, na ndiyo sababu alikwenda mbio. Sauti yake ilikuwa bapa, kila neno na uzito uleule, hivyo msikilizaji hakuweza kujua lipi ni jipya na lipi alishalisikia. Tukasimamisha. Nikaandika ubaoni sentensi yake mwenyewe:

"The slope is not the HEIGHT of the curve / it is how FAST / the height is CHANGING."

Nikamwambia asome akipumzika kwenye kila mkwaju, na ayanyanyue hayo maneno matatu tu. Akasoma. Kijana mmoja wa kidato cha sita, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akiangalia dirishani, akasema, "Kumbe!" Mtafiti Laura Hahn aliliandika jambo hili mwaka 2004 baada ya kuwasikilizisha wanafunzi wa Marekani mhadhara wa mwalimu msaidizi kutoka Korea: uzito ulipowekwa kwenye neno stahiki walikumbuka mengi zaidi kuliko ulipowekwa pasipo pake au ulipokosekana. Mimi napenda zaidi ile "kumbe", kwa sababu haikupangwa.

Kisha swali. Binti akauliza, "Any questions?", akahesabu nusu sekunde, akaendelea. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliwapima walimu Marekani miaka ya 1970 akakuta wengi wanasubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, wanafunzi walijibu kwa urefu na wale wakimya wakaanza kusema. Tukafanyia mazoezi ukimya. Ni mgumu kuliko matamshi. Sekunde tatu ukiwa mbele ya watu wanaokutazama ni ndefu mno, mikono inatafuta chaki, mdomo unataka kujijibu. Nilimtaka pia aache lile swali lake la jumla, aulize kitu chenye jibu: "Hapa juu ya kilima, mteremko ni kiasi gani?" Akauliza, akasubiri, mkono ukanyooka.

Saa saba mchana

Ugali wa muhogo na migebuka. Kaka wa Uvira anawakubali migebuka wetu, ila anasisitiza wa upande wake ni wanono zaidi. Samaki wa ziwa moja.

Saa nane

Mchana ni kazi ya mezani: saa za kuonana na wanafunzi. Kila mwalimu msaidizi anatangaza saa zake kila wiki, na mwanafunzi anakuja na daftari lake, au na malalamiko. Nacheza mwanafunzi aliyepata C na anataka B. Kaka wa uchumi kwanza alikasirika, akaniona sina adabu. Nikamwambia kule kuhoji alama hakuhesabiwi utovu wa nidhamu; fungua mwongozo wa kusahihisha, onyesha pointi zilipopotea, usibadilishe alama kwa huruma, na kama hamkubaliani mpeleke kwa profesa mwenye somo.

Nikageuka mzazi anayepiga simu kuulizia maendeleo ya mwanawe. Wote wanne walianza kunijibu kwa heshima zote, kama ambavyo mwalimu wa kwetu angemjibu mzazi anayelipa ada. Hapo tukafungua FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi. Mwanafunzi akishaingia chuo kikuu, haki juu ya kumbukumbu za masomo yake ni ya kwake. Mwalimu msaidizi hamtajii mzazi alama, habandiki matokeo ukutani kwa majina, haachi rundo la mitihani mlangoni kila mtu ajichagulie. Dada wa Kasulu aliandika kila neno.

Saa kumi jioni

Kabla ya kuagana nawasimulia utafiti wa Donald Rubin wa mwaka 1992. Wanafunzi walisikilizishwa mhadhara uleule uliorekodiwa na Mmarekani, lakini wengine waliwekewa picha ya mwanamke mzungu na wengine ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Waliooneshwa sura ya Kiasia waliambulia kidogo zaidi, na wapo waliosikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwamo kwenye kanda. Wapo wanaoniambia nisiwatishe vijana kwa habari hizi. Mimi naona ni haki yao kuzijua. Mtu asipojua atadhani kila uso uliokunjwa darasani ni kosa la ulimi wake, atajikondesha bure. Akijua, atafanya sehemu yake: atatumia wiki ya kwanza kusema alikotoka, atawaambia wamkatize wasipoelewa, ataandika maneno mazito ubaoni. Inayobaki ni sehemu ya masikio yao.

Saa moja usiku

Kwetu giza linaingia, Ohio ni saa sita mchana. Nampigia dada niliyemwandaa zamani kidogo, sasa anasimamia maabara ya bayolojia muhula wa kiangazi. Namweka kwenye spika, wanne wangu wako kwenye kundi la simu wanasikiliza. Anasema kilichomsaidia wiki za mwanzo ni kuyajua majina ya wanafunzi wake wote mapema, maana ukimwita mtu kwa jina anakuvumilia. Anasema pia mzazi mmoja alishamwandikia kweli, naye akajibu kwa sentensi mbili na kumwelekeza ofisi inayohusika. Kijana wa kemia akamuuliza kama wanamwelewa. Akacheka, akasema, "Wananielewa, kaka. Wasiponielewa wananiuliza, na nilitumia mwezi mzima kuwafundisha kuniuliza."

Saa tatu usiku

Natuma kazi za kesho. Kemia: dakika tano bila kugeuzia darasa mgongo, maelekezo yaandikwe ubaoni kabla ya kusemwa. Uchumi: mwanafunzi mwenye C anarudi, safari hii akilia. Bayolojia: maneno kumi mapya. Hisabati: somo lilelile la leo, na nimeshawanong'oneza vijana wa kidato cha sita kwamba swali la kwanza litoke kabla hajamaliza sentensi ya pili.