"Huria? Kwa hiyo ulisomea nyumbani?"

Ndilo swali la kwanza nililoulizwa kwenye usaili wiki iliyopita, mara tu mzee mmoja wa jopo alipokiona cheti changu. Moyo ulinienda mbio. Nimesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania miaka sita huku nikiuza duka la vipuri hapa Morogoro. Mchana wateja, usiku vitabu. Mitihani tumefanyia ukumbini, msimamizi kasimama mbele yetu, vitambulisho mezani. Chuo kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, na bado kuna waajiri wanaodhani tunapewa vyeti bure. Inauma jamani.

Nikamwambia, "Mzee, naomba unipe kazi nifanye." Dada wa uhasibu akanisogezea taarifa ya benki na daftari la fedha. Havilingani, tofauti shilingi 54,000. Nikachukua penseli. 54,000 inagawanyika kwa 9, na tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti huwa inagawanyika kwa 9; nikahisi kuna tarakimu zimegeuzwa. Kweli, hundi ya 171,000 ilikuwa imeandikwa 117,000.

Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema ukweli: kanuni niliisoma kitabuni, lakini jicho nimelipata dukani, kila jioni nikifunga hesabu. Kuna tulichokosa pia, nakiri. Kujadiliana kwenye kundi na kusimama mbele za watu ilibidi nijifunze kanisani.

Mzee aliandika kitu kirefu kwenye karatasi yake. Wamesema watapiga simu Ijumaa. Niombeeni.