Waulize Wanyama, Kisha Ungoje

Bwana asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Ayubu 12:7-8: "Lakini sasa waulize hao wanyama, nao watakufunza, na ndege wa angani, nao watakuambia, au nena na nchi, nayo itakufundisha, nao samaki wa baharini watakutangazia." Wengi wetu tunaowafundisha watoto nyumbani tumeuandika mstari huu ukutani, tena kwa rangi, na vipepeo pembeni. Unafaa kabisa. Ila Ayubu hakuusema akiwa amestarehe. Alikuwa anamjibu Sofari, rafiki aliyekuja kumfariji akaishia kumhubiria, na maneno yana ukali ndani yake: hayo mnayonieleza kwa madaha, hata mnyama wa porini anayajua.

Marafiki wale walianza vizuri. Sura ya pili inasema waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno. Mambo yaliharibika walipofungua vinywa. Na mengi waliyoyasema ni mafundisho ambayo ungeyaweka kwenye ibada ya Jumapili na watu wakaitikia amina. Hata hivyo, mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea kwamba hawakunena yaliyo sawa. Naye Mungu anapoanza kufundisha, kuanzia sura ya 38, anafanyaje? Anauliza. Anampitisha Ayubu kwa simba na makinda ya kunguru, kwa mbuzi-mwitu anayezaa majabalini, kwa mbuni, farasi na mwewe, hadi kwa yule mnyama mkubwa alaye nyasi kama ng'ombe, ambaye wengi wamemwona kuwa kiboko. Swali juu ya swali. Hakuna mahali anaposimama na kusema, "Basi, Ayubu, funzo tunalolipata hapa ni hili."

Nalisema hili kwetu sisi wazazi. Machi 2020 shule zilipofungwa, na zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2021, kila nyumba iligeuka darasa, upende usipende. Baadhi ya familia katika ushirika wetu hapa Kisumu zilionja, zikaendelea. Wengine watoto wao wako shuleni, lakini mtaala wa umilisi ulioanza kutumika mwaka 2019 umewatuma nyumbani na kazi za mikono, na wazazi tumetafuta makopo, udongo na majani makavu usiku wa manane huku tukinung'unika. Kwa hiyo tafakari hii si ya wanaofundisha nyumbani pekee. Mzazi yeyote anayetembea na mtoto kutoka kanisani hadi nyumbani ana darasa.

Hatari yetu sisi waumini katika darasa hilo, kwa maoni yangu, si uvivu. Ni haraka ya kufika kwenye funzo.

Chukueni gugumaji, ule mmea unaoelea ziwani. Sote tunalijua, na wavuvi wa ufuo wa Dunga wanalijua kutuzidi: upepo ukigeuka usiku, asubuhi ufuo umefungwa na mashua haitoki. Asili yake ni Amerika Kusini, nalo likaonekana katika Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mahubiri niliyoyasikia juu yake ni yale yale: dhambi ni kama gugumaji, ua lake la zambarau linapendeza huku chini linakaba. Sina ugomvi na mahubiri hayo. Lakini mpe mtoto wa miaka tisa bua la gugumaji na kisu kidogo, umwache. Atalipasua aone vyumba vidogo vidogo vilivyojaa hewa. Atachukua bua jingine zima, alizamishe kwenye beseni, alibonyeze ndani ya maji mpaka mapovu yatoke, kisha aliachilie uone linavyokimbilia juu. Bila kuambiwa na mtu ataanza kulipakia vijiwe ajue litabeba vingapi kabla ya kuzama. Sasa mzazi aje hapo na kusema, "Unaona mwanangu, hivi ndivyo dhambi..." Kisu kinawekwa chini. La sayansi limekwisha, na la dini limekwisha pia, kwa sababu mtoto amejifunza kwamba kila kitu cha Mungu ni chambo cha kumnasa asikilize.

Akiachwa, atauliza mwenyewe. Nani alilileta? Hakuna mdudu anayelila? Yupo: katika miaka ya 1990 waliachiliwa ziwani fukusi kutoka huko huko asili ya mmea, na ukilitazama jani kwa makini mara nyingi utaona makovu madogo waliyoacha. Hapo mtoto ana kazi ya asubuhi nzima, kuhesabu makovu. Na akichoka kuhesabu, hapa mjini kuna mafundi wanaokausha mabua hayo wakasuka vikapu, mikeka na hata viti. Ukimwomba fundi kwa adabu atamwachia mtoto asuke mistari miwili mitatu, ambayo ataifumua baadaye kimya kimya.

(Jambo moja la usalama, na nalisisitiza: watoto wasiingie majini kung'oa magugu. Kichocho kipo, konokono wake wanapenda sehemu hizo hizo, na kiboko pia. Mwombeni mvuvi awatolee, kisha jua likaushe maji yote ya juu kabla mtoto hajashika.)

Najua jibu mtakalonipa. Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuamuru tuwafundishe watoto kwa bidii, tukiketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Itakuwaje tunyamaze? Ni jibu zuri, ila msiishie mstari wa 7. Shukeni hadi wa 20: mwanao atakapokuuliza maana ya amri hizi, ndipo umwambie. Mtoto ndiye anayeanza. Ni hivyo hivyo katika Kutoka 12, usiku wa Pasaka: watoto watakapowauliza, utumishi huu una maana gani kwenu, ndipo mtakapowaambia. Na Yoshua alipovuka Yordani hakuandika bango. Alisimamisha mawe kumi na mawili yaliyotolewa mtoni, mawe matupu, ili siku moja mtoto apite na kuuliza haya ni nini. Fikirini subira iliyomo humo. Unaweka mawe leo, swali linakuja baada ya miaka. Bidii ya Kumbukumbu 6 naiona humo: kuhakikisha mawe yapo njiani, na kwamba mtoto akiuliza wewe hujatoka, huna simu mkononi, na jibu limo moyoni mwako, kama mstari wa 6 unavyotangulia kusema.

Somo ninalolipenda kuliko yote katika uani wetu halina gharama. Ni fimbo iliyonyooka ya mita 1, imechomekwa wima mahali pasipo na kivuli cha mti. Watoto wanaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa tano na nusu hadi saa nane mchana. Mimi naketi kando nikichambua kunde. Baada ya muda wanagundua jambo ambalo halimo katika vitabu vingi tunavyonunua: kivuli kifupi kuliko vyote hakitokei saa sita kamili. Hapa Kisumu kinachelewa, mara dakika 25, mara hata 55, kutegemea mwezi. Wa kwanza kugundua husema saa imeharibika. Huletwa simu. Simu nayo inakubaliana na saa. Basi nani anadanganya, jua au simu?

Ukikimbilia kujibu hapo, umewaibia. Wetu walibaki na swali hilo siku kadhaa kabla ya kifungua mimba kuchukua ramani. Saa ya Kenya inafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari usiopita hata nchini mwetu. Uko Somalia, karibu na Mogadishu. Jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii, nasi tuko karibu digrii 10 magharibi ya mstari huo. Mtoto anayejua kuzidisha amepata dakika 40 mwenyewe. Zile zinazopungua na kuongezeka zinatokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao si wa kasi moja, na mlalo wa mhimili wake. Hilo tumeliacha kwa mwaka mwingine.

Halafu kuna upande wa kivuli. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka hapa, kwa hiyo karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba fimbo karibu imeze kivuli chake. Juni, jua likiwa kaskazini, kivuli cha adhuhuri kinaangukia kusini kwa sentimita 43 hivi. Desemba kinageukia kaskazini. Wengi wetu tunanunua vitabu vya Ulaya na Marekani vyenye majira manne, na watoto wa Kisumu wanachora theluji na majani yanayopukutika kama vile ndiyo yanayoonekana dirishani. Wakati majira yetu yapo uani, yanaandikwa chini kila siku.

Jioni ya siku ya fimbo tunasoma Zaburi ya 19. "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Tunafika mstari wa 3: "Hakuna lugha wala maneno, sauti yao haisikilikani." Tunafunga Biblia, tunaomba, tunalala. Hakuna maelezo. Ukiwa umezoea kueleza ni vigumu, hasa kwa baba watoto ambaye ni mhubiri wa kuzaliwa.

Mwezi nao ni mwalimu mzuri kwa sisi wa kando ya ziwa. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Usiku wa giza taa inavuta wadudu na omena. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu. Mtoto anayetumwa sokoni kununua kopo la gorogoro la omena akaambiwa wiki hii ni haba, na apewe daftari la kuchora mwezi kila usiku. Usimwambie ni la nini. Siku atakapokuja mbio na daftari lake, mfungulie Mwanzo 1:14, mianga iliyowekwa iwe dalili na majira, na siku na miaka. Atausoma kama mtu aliyekuwa akiungoja.

Sitaki mtu afikiri kwamba ziwa na uani vinatosha. Kusoma, kuandika na hesabu vinahitaji meza, saa maalum na mzazi asiyekubali visingizio, na asiye na nafasi hiyo kwa sababu ya kazi asijione amepungukiwa imani kwa kumpeleka mtoto shule. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima, nasi tunaofundisha nyumbani ndio tunaopaswa kuiogopa haki hiyo zaidi, maana hakuna mwalimu mkuu wa kutukagua. Mama anayeuza soko la Kibuye na mtoto wake kando yake wakati wa likizo, akimwacha ahesabu chenji na kuuliza kwa nini nyanya za leo ni ghali, anafanya kazi hii hii.

Na kuna maswali ambayo mzazi mwenyewe atakwama. Kamongo, kwa mfano, ni samaki, lakini akiwa mkubwa lazima apande juu kuvuta hewa. Akizuiwa chini ya maji, anakufa. Kinamasi kikikauka anajizika matopeni akangoja mvua. Watoto walipomaliza kulishangaa hilo waliuliza kama alipanda safina ya Nuhu au alibaki nje. Nimewaachia wazee wa kanisa.

Ila swali lililoko mezani sasa ni la kitinda mimba, alilolileta akitoa miiba kwenye sahani yake: mbuta (sangara) aliwekwa ziwani na Mungu au na watu? Na watu, katika miaka ya 1950, wakitafuta samaki wakubwa wa kuvua. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa, na aina nyingi za fulu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani, zilikuwa zimetoweka. Lakini mbuta huyo huyo amelipa karo za watoto wengi wa pwani hii. Basi ni mzuri au mbaya? Baba watoto alifungua Mwanzo 2:15, mtu aliyewekwa bustanini ailime na kuitunza, akasoma, na safari hii akanyamaza. Bibi yao anasema samaki ni samaki, kula. Kifungua mimba anataka kwenda kuwauliza wazee wa ufuoni waliovua fulu ujanani jinsi ziwa lilivyokuwa. Tutaenda Jumamosi, Mungu akipenda. Mwenye mtoto na swali tukutane Dunga saa mbili asubuhi. Mje na kofia na maji ya kunywa.