Nilivyotibiwa Kidonda cha Kisukari kwa Mabuu Hai

Daktari aliyekuwa akinitibu kidonda cha kisukari unyayoni aliponieleza kwamba ningeweza kuwekewa mabuu hai badala ya kukatwa tena nyama iliyokufa, niliomba kwanza nifafanuliwe wadudu hao hufanya nini hasa wakiwa ndani ya kidonda. Maelezo hayo ndiyo yaliyonisaidia kustahimili yote yaliyofuata.

Mabuu hao ni wa nzi wa kijani, Lucilia sericata. Hutoa majimaji yenye vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama iliyooza huku nyama hai ikibaki, kisha huufyonza uoza huo pamoja na bakteria, ambao wengi hufia tumboni mwao. Mayai husafishwa kwa dawa maabara ili mabuu waanguliwe bila vijidudu. Kwa hiyo funza waliojizalia katika kidonda kilichoachwa wazi si tiba, na ni hatari kuwachukulia hivyo. Daktari wa mifupa William Baer, aliyeona vidonda vya majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza vikiwa safi ajabu chini ya funza, aliwatumia baadaye kwa wagonjwa wake, na mwaka 2004 Marekani iliruhusu rasmi mabuu wa tiba, pamoja na ruba.

Muuguzi alipaka ngozi iliyozunguka kidonda dawa nzito ya kuikinga, akawaweka mabuu, wadogo kama punje za ufuta, akafunika kwa wavu uliobandikwa pande zote na kuweka shashi juu yake. Hukaa hapo kwa saa 48 hadi 72. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha shashi ya juu ilipolowa, bila kuifunika kwa plastiki, kwa sababu mabuu huhitaji hewa, na kutoukanyagia mguu huo wala kuutia majini. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ya unyayo wangu haikuwa imekufa yote, walipokua nilihisi mchomo, hasa usiku, nikatumia dawa za maumivu nilizoandikiwa. Harufu kali inayofanana na ya amonia ilinisumbua kuliko mchomo huo. Wavu ulipofunguliwa walikuwa wamenenepa, na baada ya kuoshwa kwa maji ya chumvi niliona nyama nyekundu mahali palipokuwa na utando wa kijivu.

Hata hivyo, mabuu husafisha tu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba vidonda vya miguu vilisafishika upesi zaidi kwa mabuu kuliko kwa jeli ya kawaida, lakini havikupona mapema zaidi. Changu kilifunga polepole, kwa kudhibiti sukari na kuvaa kiatu maalumu kinachoondoa uzito kwenye unyayo. Anayependekezewa tiba hii namshauri aulize kwanza kama damu inafika mguuni vya kutosha, maana mguu usiopata damu haujazi nyama mpya hata kidonda kikiwa safi namna gani.