Nilivyonoa kisu cha kukunja kwa kikombe

Kisu changu cha kukunja kiliisha makali kabisa, nikipasua samaki ngege wa Dunga, ule ufuo wa Kisumu, ngozi inavutika tu haikatiki. Dawa iko jikoni bana: pindua kikombe cha kauri, ule mduara wa chini usiong'aa unakwaruza vizuri sana. Lowesha maji, inamisha kisu kama digrii 20 hivi, sukuma makali yakitangulia, polepole bila kukandamiza, mpaka upande wa pili kidole kisikie kaukingo kembamba ka chuma, hapo ndio unageuza. Wengi huachia hapo, na hako kaukingo lazima katoke, malizia na mshipi wa ngozi ukivuta kinyume, mgongo mbele. Osha ule unga wa chuma kabla ukunje, ukiingia kwenye bawaba kisu kinakuwa kigumu kufungua.