Le Somail, kijiji kilichochipuka pale abiria walipolala

Kuna kijiji kusini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Narbonne, kinaitwa Le Somail. Kidogo sana, kimekaa kandokando ya Canal du Midi, ule mfereji wa kilomita 240 aliousimamia kuujenga Pierre-Paul Riquet, kutoka mji wa Toulouse mpaka ziwa la Thau, ulianza kuchimbwa 1666 ukafunguliwa 1681, mwenyewe Riquet alishafariki mwaka mmoja kabla, maskini hakuuona umekamilika. Watalii wengi wanafika hapa wanapiga picha lile daraja la mawe halafu wanasepa na kwakweli inaniuma, maana utamu wa Le Somail ni stori yake.

Iko hivi. Zamani mferejini zilipita boti za abiria zinazovutwa na farasi, farasi wanatembea ukingoni boti inafuata, na Toulouse mpaka Agde, mji ulio karibu na mwisho wa mfereji, ilikuwa kama siku nne hivi, sasa usiku watu watalala wapi? Ndo hapo Le Somail ikawa kituo cha kulala. Ukisimama darajani unaelewa kabisa, gesti ya zamani ile pale, kanisa dogo hili hapa, vyote vimebanana majini, abiria anashuka, anakula, anasali, analala, asubuhi safari inaendelea. Karne ya 19 reli ikaja ikawachukua abiria wote, na bado kijiji hakikufa, leo kina mpaka duka kubwa la vitabu vya zamani, yaani kijiji kidogo hivyo!

Kinachonisumbua ni miti. Huu mfereji ulikuwa na miplatani, miti mikubwa ya kivuli, kama 42,000, kivuli chake ndo kinafanya watu waupende na mizizi yake inashika kingo zisibomoke. 2006 ukagundulika fangasi unaoziba mishipa ya maji ndani ya mti, dawa hakuna, mti ukiugua unakatwa na kuchomwa pamoja na majirani zake. Maelfu yameshaondoka. Wapo wanaolalamika eti serikali inakata hovyo, mi siko nao, ukiuacha mmoja mgonjwa unaua mstari mzima, na wanapanda mingine, mialoni na aina tofauti tofauti ili ugonjwa mmoja usije ukafagia yote tena.

Huo fangasi unaingilia kwenye vidonda, hata boti ikisugua mizizi tu. Kwa hiyo ukikodi boti huko tafadhali usifunge kamba kwenye mti, ni marufuku, funga kwenye vigingi.