Mtoto Asipimwe kwa Mwenzake

Tangu nianze kufundisha chekechea, swali ambalo wazazi huniuliza kuliko mengine yote ni kwa nini mtoto wao hajamudu jambo ambalo mwenzake wa rika moja ameshalimudu. Naliheshimu swali hilo kwa sababu linatokana na mapenzi, na mara nyingine na hofu inayomnyima mzazi usingizi. Hata hivyo, mwenzake huyo hana mengi ya kutuambia kuhusu mtoto tuliye naye. Mwenye kutuambia ni mtoto mwenyewe, iwapo tutakuwa na subira ya kumtazama kabla hatujaanza kumsahihisha.

Tofauti za ukuaji ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Marekani, Norwei na Oman, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kuwa mtoto mzima anaweza kuanza kutembea bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Takriban watoto 4 katika kila 100 hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti, na bado walisimama dede na kutembea kama wengine. Tena, stadi hizi haziendi pamoja hata ndani ya mtoto mmoja: aliyewahi kutembea anaweza kuwa mzito wa kusema, na anayepangilia sentensi ndefu anaweza kuhangaika kushika kalamu. Mtoto njiti naye huhesabiwa umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa kawaida mpaka afikishe miaka 2, jambo ambalo ndugu na majirani hulisahau upesi.

Kuna pia tofauti ya silika. Alexander Thomas na Stella Chess, ambao mwaka 1956 walianza kuwafuatilia watoto wa New York tangu uchanga, walieleza kuwa wapo watoto wanaozoea mambo mapya kwa urahisi, wapo wanaoyakataa kwa nguvu, na wapo wanaohitaji muda wa kutazama kwanza ndipo wajiunge. Hoja yao ninayoithamini zaidi ni kwamba matatizo huzuka pale matarajio ya mkubwa yanapogongana na silika ya mtoto. Nimewaona wengi wa hao watazamaji. Wakati wa nyimbo mtoto husimama kando ya ukuta, kidole mdomoni, haimbi hata neno moja, lakini macho yake yanafuata kila mkono unaopigwa kofi. Kisha mama yake anakuja kuniambia kuwa nyumbani huimba beti zote anapoogeshwa. Mtoto huyo alikuwa anajifunza muda wote aliodhaniwa kuwa hashiriki. Kumvuta katikati ya duara kwa nguvu kungemfundisha kuogopa duara.

Kumtazama mtoto, hata hivyo, ni mwanzo tu wa kazi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alilipa uzito mkubwa eneo lililo kati ya yale mtoto anayoyaweza peke yake na yale anayoyaweza akisaidiwa, na kwangu mimi hapo ndipo mwalimu anapoonyesha ustadi wake. Chukua kazi ya kufunga kifungo cha shati. Mtoto mmoja anahitaji umshikie kitambaa kikae imara ili vidole vyake vishughulike na kifungo peke yake. Wa pili anahitaji uusukume ukingo wa kifungo hadi utokeze kwenye tundu, umwachie yeye kuuvuta, ili furaha ya kumaliza iwe yake. Wa tatu anajua kila hatua, ila vidole vinamtetemeka anapoharakishwa. Huyo anahitaji ukae chini karibu naye na unyamaze. Ukiwafungia wote watatu utakuwa umeokoa dakika chache, lakini kesho watakuletea mashati yaleyale. Wapo wanaoona kuwa kumpa kila mtoto msaada wa aina yake ni upendeleo. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa usawa ni kila mmoja kupata kinachomwezesha kusonga mbele.

Nisingependa, lakini, maneno haya yawe kisingizio cha kukaa na kungoja. Kauli ya kwamba atasema tu, hata baba yake alichelewa, imewachelewesha watoto ambao shida yao ilikuwa masikioni. Majimaji yanapokusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto husikia vizuri siku moja na vibaya siku nyingine, na watu wazima hudhani ni ukaidi. Mtoto asiyegeuka anapoitwa, asiyeonyesha kitu kwa kidole, au ambaye akifika miaka 2 bado haunganishi maneno mawili, apelekwe akapimwe, usikivu wake ukiwa wa kwanza kuchunguzwa. Kwa mtoto anayelelewa kwa lugha mbili, maneno ya lugha zote mbili yahesabiwe pamoja. Na mtoto anayepoteza stadi aliyokuwa nayo, kwa mfano aliyekuwa akisema maneno kadhaa kisha akanyamaza, asisubirishwe kwa umri wowote ule.

Mzazi anayekwenda kliniki namshauri abebe maelezo ya mambo aliyoyaona kwa macho yake: mtoto hufanya nini anapotaka maji, humwendea nani akiumia, hucheza na kitu gani kwa muda mrefu bila kuambiwa, na jambo gani aliliweza mwezi huu ambalo mwezi uliopita lilimshinda. Mtaalamu atapata mengi zaidi katika maelezo hayo kuliko katika habari za binamu aliyetembea mapema.